Pungufu Moja

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa, na wenzake walimwita Bi Hesabu. Jina hilo hakupewa kwa kupendwa wala kwa kuchukiwa. Lilimkaa tu. Alihesabu ngazi akizipanda, alihesabu vijiko akiviosha, na ukipiga chafya mbele yake alikuambia ni ya ngapi tangu asubuhi.

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Kila siku alisimama mlangoni na karatasi ya wodi mkononi, mashuka safi yakipita mbele yake katika kikapu cha magurudumu, naye anayahesabu kwa ncha ya kidole. Yakitimia, anatia sahihi. Yasipotimia, anapaza sauti: "Pungufu moja!" Yeyote aliye karibu na rafu ya akiba anavuta shuka moja, analitumbukiza kikapuni, na kikapu kinaondoka. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza lile la kwanza limepotelea wapi. Shuka ni shuka.

Mdogo wake alifanya kazi humo humo, upande wa kukunja, na yeye walimwita Redio. Sababu unaijua bila kuambiwa. Alianza kuzungumza akifunga aproni na akanyamaza akiifungua, na katikati hapo alikuwa ameshamsema daktari, mgonjwa, mvua na dada yake. Waliishi na mama yao, ambaye alikuwa amepooza upande mmoja na maneno yake yakitoka nusu nusu. Walimlisha kwa zamu, walimgeuza kwa zamu, na kugombana waligombana kila siku iliyo ya Mungu. Lakini damu ni nzito kuliko maji. Mwaka ule Redio alipougua homa ya mapafu, Bi Hesabu alikaa kando ya kitanda siku mbili nzima bila kuhesabu kitu chochote.

Sasa Jumapili moja watu wa kufulia wakapata siku ya mapumziko ya pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na wakaamua kwenda kisiwani. Ni kisiwa cha katikati ya ziwa, hakikaliwi na watu, wanyama wamejaa. Unakwenda asubuhi kwa boti, unatembea, unapiga picha, alasiri unarudi. Walikuwa kumi na wanne. Bi Hesabu aliwahesabu wakipanda, akawahesabu tena wakishakaa, na nahodha akamuuliza kama anadhani kuna aliyeyeyuka katikati.

Safari ilianza kwa vicheko. Mzee wa mashine ya kupigia pasi, Babu Pasi, alikuwa amevaa shati lililonyooka hata ukaogopa kumgusa. "Mamba akinichukua," alisema, "mwambieni nimeshapigwa pasi, asinikunje."

Redio hakucheka. Alisogea karibu na dada yake, akamsemesha kwa sauti ya chini, na Redio kusema kwa sauti ya chini lilikuwa jambo la kutia wasiwasi peke yake.

"Dada, usikasirike. Nimepata kazi mji mwingine. Mwisho wa mwezi naondoka."

Bi Hesabu alitazama maji. "Na mama?"

"Mama nitakuja kumwona. Miaka sita, dada. Nimechoka."

"Na umechagua kuniambia hapa katikati ya maji, ili nisipate pa kwenda."

"Ili wewe usipate pa kunikimbizia," Redio akajibu, akajaribu kutabasamu.

Walifika kisiwani wakiwa hawasemezani. Gatini alisimama mlinzi wa kisiwa, mwanamke mrefu wa makamo mwenye buti za mpira. Aliwakaribisha vizuri, akawapa sheria zake tatu. Ya kwanza, msiwalishe tumbili. Ya pili, msikaribie matete, mamba hana salamu. Ya tatu aliisema akiwa ametazama chini.

"Mkijikuta hamjatimia, msipaze sauti kusema mmepungua. Njooni mniambie mimi, tutamtafuta mtu wetu kimyakimya."

"Kwa nini?" Bi Hesabu aliuliza.

"Aliyelinda hapa kabla yangu ndiye aliyeniachia sheria hizi, mama. Mbili naelewa maana yake. Hiyo ya tatu naifuata tu."

Watu wakacheka, Babu Pasi zaidi ya wote. Mlinzi hakucheka nao.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kizuri, huwezi kukinyima sifa yake. Viboko walikuwa wamejilaza kwenye tope, wakipumua na kurusha maji. Kenge wenye urefu wa mtu walikatiza njia bila haraka. Korongo na minandi walikuwa wengi mpaka matawi yameinama, na furukombe mmoja alipolia kila mtu alinyanyua uso. Kilichowashangaza ni swala. Hawakukimbia. Walisimama kando ya njia, hatua tano tu, wakimtazama kila apitaye usoni, mmoja baada ya mwingine, na Bi Hesabu akapata wazo la kipuuzi kwamba anahesabiwa yeye.

Baada ya chakula cha mchana ugomvi ukalipuka upya. Walikuwa nyuma ya wenzao, kwenye njia inayopanda kilima cha mawe. Redio alisema ana haki ya maisha yake. Bi Hesabu alisema haki isiyomtazama mama ni ubinafsi. Maneno yakapanda, na mwisho dada mkubwa akatamka neno ambalo mpaka leo linamchoma.

"Basi nenda! Mtu wa kukunja mashuka hakosekani."

Redio alimtazama.  Aligeuka akaingia njia ndogo ya kushoto, peke yake, na Bi Hesabu akamwacha aende. Alijiambia atakuja mwenyewe akipoa.

Saa tisa alasiri upepo ukabadilika. Mawingu yakatanda upande wa mbali wa ziwa, na nahodha akaanza kupiga mluzi wa haraka. "Mawimbi hayo yakikua hatuvuki leo," alisema. "Pandeni, pandeni." Watu wakashuka gatini mbio mbio, wengine na viatu mkononi. Mvua ya matone makubwa ikaanza. Kila mtu akisukuma, kila mtu akisema lake. Bi Hesabu akasimama kwenye mdomo wa boti kama asimamavyo mlangoni pake kila siku, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Hapo mazoea yakamtangulia. Kabla hajafikiri, kinywa kilikuwa kimeshafunguka.

"Pungufu moja!"

Mlinzi alimrukia, akamfunika mdomo kwa kiganja. Sauti ilikuwa imeshatoka.

Ndege wakanyamaza. Wote. Minandi wale waliokuwa wakipiga kelele tangu asubuhi walifunga midomo kwa pamoja. Hata viboko hawakusikika. Palibaki mvua na maji yakigonga boti.

Kisha matete yakafunguka na Redio akatoka.

"Nipo," alisema.

Bi Hesabu alishuka, akamkimbilia, akamkumbatia kwa nguvu zote. Alilia waziwazi, hakuona haya. Alimwomba radhi. Redio alisimama ndani ya mikono yake, ametulia, mkavu. Mvua ilikuwa imenyesha dakika kumi, na gauni lake lilikuwa kavu.

"Ulikuwa wapi wewe?" mlinzi aliuliza.

"Hapa."

Mlinzi alimvuta Bi Hesabu pembeni.  "Mama," alinong'ona, "una hakika huyu ni wako?"

"Nimembeba mgongoni huyu!" Bi Hesabu alifoka. "Wangu nisimjue?"

Alimshika Redio mkono, akampandisha botini. Nahodha akang'oa nanga. Bi Hesabu akahesabu tena, mara hii kimoyomoyo, wakatimia kumi na wanne, na moyo wake ukatua. Ni Babu Pasi aliyekuwa ametazama nyuma. Swala walikuwa wameteremka mpaka gatini, zaidi ya hamsini, wamejipanga. Hawakuitazama boti. Walikuwa wametazama juu, kilimani.

Juma lile lilianza kwa amani ambayo nyumba ile haikuwahi kuiona.

Jumatatu asubuhi Redio aliamka kabla ya wote, akamwosha mama, akamlisha kijiko baada ya kijiko bila kulalamika. Kazini alikunja mashuka mara mbili ya kawaida yake. Hakusema kitu. "Leo Redio imekwisha betri," Babu Pasi alitania, wote wakacheka, yeye akawatazama hadi kicheko kikaisha chenyewe. Jioni Bi Hesabu alijikaza akauliza habari ya ile kazi ya mji mwingine.

"Sitakwenda," Redio alisema. "Nitakaa."

Bi Hesabu alifurahi. Tusimfichie. Alifurahi kama mtu aliyetuliwa gunia la kichwani.

Yapo aliyoyaona. Aliona kwamba mdogo wake hakuwa anauliza swali lolote, hata la saa ngapi. Aliona kuku wa jirani wamesimama mlangoni kimya, wamemtazama Redio. Mama alipowekewa mkono begani alisema neno moja kwa shida, "Baridi," akageuzia uso ukutani. Yote haya Bi Hesabu aliyaona na kuyapitisha. Uchovu, alijiambia. Ziwa. Mvua.

Jumatano alasiri alikaa nyuma ya Redio uani kumchana nywele. Jua lilikuwa kali. Nywele zilinuka majani mabichi. Alikuwa amechana nusu ya kichwa alipogundua kwamba mabega yale yanapanda na kushuka sawasawa na yake. Akapumua haraka. Yakaenda haraka. Akapumua polepole. Yakaenda polepole.

Akazuia pumzi.

Mabega yakasimama.

Alihesabu. Ishirini. Arobaini. Sitini. Kifua kilimwaka moto. Mwenzake hakutikisika. Macho yakaanza kuona giza, na ni yeye, Bi Hesabu, aliyeshindwa kwanza, akavuta hewa kwa sauti. Mbele yake mabega yakapanda.

Angeweza kuinuka. Angeweza kupiga simu kisiwani. Alishika kichanio, akamalizia nusu iliyobaki.

Simu ilikuja yenyewe Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa mlangoni pake na karatasi ya wodi. Alikuwa mlinzi wa kisiwa. Alizungumza kwa mnong'ono.

"Mama, sikuridhika mimi. Nimetafuta kila siku. Leo nimempata."

"Umempata nani?"

"Mdogo wako. Mguu ulinaswa kwenye mawe kule kilimani. Yu hai, mama. Anakuita. Njoo."

Bi Hesabu aliushika mlango. Ndani ya chumba mashine zilikuwa zikizunguka, mvuke umejaa, watu wanainama na kuinuka. Na kwenye rafu ya akiba, mgongo ukiwa kwake, alisimama Redio na shuka lililokunjwa mikononi.

Ili kutoka ilibidi apite pale. Alitembea kwa vidole. Alimwambia Babu Pasi kwa ishara kwamba anakwenda ofisini. Hatua nne. Hatua tatu. Alikuwa amemfikia ubavuni wakati yule aliposema, bila kugeuka, kwa sauti ya chini na ya upole:

"Amepatikana?"

Tangu Jumapili hilo lilikuwa swali lake la kwanza.  Bi Hesabu alikimbia na aproni yake mpaka barabarani.

Kwenye kibanda cha mlinzi, juu ya kitanda cha kamba, alilala mtu aliyekonda, midomo imepasuka, kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Alipomwona dada yake alianza kulia na kusema kwa pamoja, bila kituo, na kwa wingi ule wa maneno Bi Hesabu akajua.  Alianguka kando ya kitanda.

"Nilikuwa nawaona, dada. Gati lote nililiona kutoka pale juu. Nilikusikia ukisema pungufu moja, nikajibu nipo. Nikajibu kwa nguvu zangu zote! Nikasikia sauti yangu inatokea kule chini kwenye matete, siyo kinywani mwangu. Kuanzia hapo sikuwa na sauti tena. Dada Mlinzi alipita chini yangu kila siku, nampungia mikono, haoni. Sauti imenirudia leo asubuhi."

"Nyamaza, mdogo wangu. Pumzika."

"Sinyamazi. Swala walikuja kila siku kulala karibu yangu. Nikilamba maji ya mvua, na wao wanalamba. Wananitazama kama wanamtazama mwenzao. Siku ya tatu niliona ni sawa tu." Akamshika dada yake mkono. "Nilimwona akitoka. Nilikuona unamkumbatia."

Mlinzi alitoka nje, akasimama mlangoni.

Redio akasema taratibu, "Siku nne, dada. Mmelala nyumba moja, mmekula pamoja. Hukujua?"

Ndege walikuwa wakipiga kelele nje. Bi Hesabu alimfuta mdogo wake machozi kwa ncha ya aproni.

"Sikujua," alisema.

Alipofika nyumbani jioni ile, baada ya kumwacha Redio wodini akifungwa mguu, nyumba ilikuwa imefagiwa na vyombo vimeoshwa. Mama alikuwa ameshalishwa, amegeuzwa, ameegeshwa vizuri kwenye mito. Hapakuwa na mtu mwingine. Bi Hesabu aliuliza yule mwingine amekwenda wapi. Mama alihangaika na maneno kwa muda mrefu.

"Ameaga," alisema hatimaye. "Kasema... tumetimia."

Kazini hawakulizungumza sana. Watu kumi na wawili walikuwa wamemwona Redio akikunja mashuka siku zile zile ambazo mguu wake ulikuwa umenaswa kwenye mawe, na daftari la mahudhurio lina sahihi yake ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, mwandiko wake kabisa. Babu Pasi alilitazama daftari, akalifunga, akaomba ahamishiwe stoo. Hatanii tena.

Redio alipona, akabaki na kuchechemea kidogo. Mwisho wa mwezi aliondoka kama alivyopanga. Bi Hesabu alimsindikiza mwenyewe, akambebea begi, wakakumbatiana kituoni bila ugomvi. Hakumzuia. Hakuwa na uso wa kumzuia. Sasa wanapigiana simu kila Jumapili, na mdogo mtu akizungumza saa nzima, dada anasikiliza.

Mimi niliingia chumba chao cha kulala siku moja kumsaidia Bi Hesabu kumgeuza mama yake. Kitanda cha Redio bado kipo, dirishani. Nilidhani labda amepata mpangaji, maana kilikuwa kimetandikwa vizuri, pembe zimekazwa kama za hospitali. Nikauliza anamtandikia nani. Akasema kitanda hakikai wazi.

Lakini majirani tunaona uani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Bi Hesabu hutoka na shuka, akalianika kambani. Limelowa pale pa kichwa, pale pa mabega, pale pa nyonga, sehemu nyingine kavu. Linanuka majani mabichi. Jioni huliondoa likiwa limekauka, akalikunja, akaingia nalo ndani kulitandika tena.